Kivuko cha Fundi Saa

Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi, lakini mtaro ulikuwa bado unanuka. Inspekta alisimama ndani yake, tope likimfika juu kidogo ya vifundo vya miguu, mkono mmoja kaushika ukingo wa barabara ili goti lake bovu lisimuumbue mbele ya vibarua wa halmashauri. Wiki nzima alikuwa hajapata usingizi wa maana. Kwanza wizi wa nyaya, halafu mume na mke waliochomeana nguo, na sasa hili: mama mzee aliyezama kitandani mwake, katika mtaa wa watu wenye mageti na maua.

"Kitandani, Afande," alisema Koplo, aliyekuwa amebaki juu, pakavu, akiwa ameshika viatu vya mkubwa wake. "Mimi nilidhani watu huzama baharini."

"Ukishamaliza kudhani, niletee koleo."

Mtaro ulipita mbele ya nyumba zote za upande ule, ukifuata mteremko wa barabara. Nyumba ya marehemu ilikuwa upande wa juu. Inayofuata, upande wa chini, ilikuwa ya mzee mmoja mtengeneza saa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa. Mbele ya geti la huyo mzee palikuwa na kivuko: bamba la zege lililolazwa juu ya mtaro ili gari litoke barabarani, livuke, liingie uani. Chini ya bamba lilipita bomba pana la kuendeleza maji. Na ndani ya bomba hilo, kwenye mdomo wake wa juu, vibarua walikuwa wanahangaika na kitu kilichokaa kama gunzi kwenye shingo ya chupa.

"Muuaji!" sauti ya mwanamke ilipaa kutoka geti la jirani. "Inspekta, unachimba nini wakati muuaji amekaa ndani anakunywa chai? Kivuko chake ndicho kilichomuua mama yangu!"

Huyo alikuwa binti wa marehemu, mwalimu wa sekondari, na sauti ilionyesha kazi. Walimzika mama jana. Tangu hapo alikuwa amefika kituoni mara mbili, na mara zote mbili alikuwa ameondoka na neno lile lile: mkamateni Fundi Saa.

"Tumekusikia, Mwalimu," alijibu Inspekta bila kugeuka. "Acha tukimalize hiki kwanza."

Injinia wa barabara wa halmashauri, mwanamume mwembamba mwenye kofia ya plastiki iliyomzidi kichwa, alichuchumaa juu ya kivuko akiwatazama vijana wake kama mtu anayetazama jino lake mwenyewe liking'olewa.

"Niulize tena," alisema. "Najua unataka kuniuliza tena."

"Kina kibali?"

"Kinacho. Nilikikagua mwenyewe kabla ya zege na baada ya zege. Bomba lina upana tunaoutaka. Kivuko hakikupanuliwa kupita kiasi, hakikukaribia nguzo ya umeme, na kimeinama kuelekea barabarani ili maji ya mvua yasiingie kwa watu. Kama vivuko vyote vya mji huu vingekuwa kama hiki, mimi ningekuwa nalala mchana."

"Basi mbona kimeua?"

Kabla Injinia hajafungua mdomo, vibarua walipiga kelele, kamba ya chuma ikakazwa, na kile kitu kikatoka na mlio mzito wa kunyonya, kikafuatwa na maji meusi yaliyomwagikia suruali ya Inspekta hadi magotini. Koplo alitazama pembeni kwa adabu.

Kilikuwa bunda nene kama mwili wa mbuzi. Inspekta alilisukuma kwa koleo mpaka mahali penye mwanga. Nje lilikuwa limezungushiwa turubai la kijivu. Ndani ilikuwa sponji, imeviringishwa kwa nguvu. Kamba ya manila ilikuwa imepita katikati na kufungwa kwa vifundo vinono, vya mtu asiye na haraka.

"Takataka za mvua," alisema kibarua mmoja. "Mvua huleta hata friji."

"Maji hayafungi kamba," alisema Injinia.

Inspekta aliinama, goti likalalamika, akaishika kamba ile na kuifuata. Baada ya fundo la mwisho haikukatwa. Iliendelea, ndefu kama mkia, na mwishoni mwake palikuwa na kitanzi cha kupitisha mkono. Alikaa nacho kitanzi kiganjani kwa muda.

"Koplo, ukitaka kuziba tundu la panya, unafunga mkia kwenye kizibo?"

"Wa nini, Afande? Nikiziba nimeziba."

"Ndiyo maana nauliza." Akanyoosha mkono. "Nipe viatu vyangu."

*

Sebule ya Fundi Saa ilikuwa na saa nyingi ukutani, na hakuna hata mbili zilizokubaliana. Mzee mwenyewe alikuwa mtu mdogo, mwenye kioo cha kazi kilichomwachia alama ya duara kuzunguka jicho moja. Aliwaketisha wageni wake kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa, akasamehe matope yao kabla hawajaomba radhi.

"Najua mwalimu anasema nini," alianza. "Simlaumu. Mtu akifiwa na mama, lazima amshike mtu shati."

"Una adui, mzee?"

"Umri wangu adui zangu wengi wamekufa." Alifikiri. "Labda yule fundi wa zege. Alinimwagia kivuko cha kwanza, kikawa na mgongo kama wa ngamia. Injinia akakikataa, nikamfukuza, nikaleta mwingine. Aliondoka akisema nitakiona cha mtema kuni."

Koplo aliandika haraka haraka, uso ukimng'aa. Alipenda kesi zinazojimaliza zenyewe kabla ya chakula cha mchana.

"Siku ya mvua," Inspekta alisema. "Anza pale ulipoamka."

"Alfajiri. Mvua ilikuwa inapiga bati hata saa zangu sizisikii. Nikasikia mtu anapiga kelele nje. Nikachukua tochi na mwavuli, mwavuli ukageuka juu chini hapo hapo mlangoni. Nikamkuta kijana wa pale jirani, kaka yake mwalimu, yumo mtaroni. Maji kiunoni. Anavuta."

"Anavuta nini?"

"Kamba. Amejizungushia mkononi, ameegemea nyuma, anavuta kama anavuta ng'ombe. Mimi nikasema, mwanangu, mama yuko wapi? Akasema yuko ndani. Nikasema kamtoe mama kwanza! Akaniambia, 'Maji yakipungua tu, mzee, yakipungua tu.' Nikaweka tochi chini, nikashika kamba nami. Mzee kama mimi, nguvu ziko wapi? Kilichokuwa mwisho wake hakikutikisika. Halafu tukasikia geti lao limeng'oka." Saa moja ukutani ililia, na nyingine, iliyochelewa, ikaifuata. "Lile geti la bati lilikuwa limezuia maji yasiingie uani yote. Lilipokwenda, yaliingia kwa mkupuo. Akaacha kamba akakimbia. Tulipofika chumbani kitanda kilikuwa kimepinduka."

Inspekta alisubiri hadi mzee alipomaliza kujifuta uso.

"Tochi ulikuja nayo wewe. Yeye alikuwa na taa?"

"Hakuwa nayo. Giza tupu, umeme umekatika."

"Na kamba ilikuwa chini ya maji."

"Ilikuwa chini ya maji." Fundi Saa alimtazama kwa jicho lake lenye duara, akayaona maneno yake mwenyewe yanakoelekea, akaonekana kujuta kuyasema. "Afande, yule kijana alikuwa anajaribu kumwokoa mama yake. Hilo nililiona kwa macho yangu. Andika na hilo."

"Mlikuwa mnaelewana?"

"Zamani, ndiyo. Aliniletea redio ya mama yake niitengeneze. Lakini tangu kivuko changu kikamilike hajanisalimia. Nikimwambia habari za asubuhi anatazama nguzo ya umeme. Nilidhani labda kelele za ujenzi zilimsumbua mgonjwa."

Nje, Koplo alikuwa tayari na simu sikioni. "Fundi wa zege, Afande! Chuki, vitisho, ujuzi wa mitaro. Tukamchukue?"

"Mtafute kwanza."

Fundi wa zege alipatikana kwa simu kabla hawajalifikia gari. Alikuwa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, akimwaga zege la ghorofa, na msimamizi wake alichukua simu na kuapa kwamba mtu huyo hajatoka hapo tangu mwezi uliopita. Kisha fundi mwenyewe akarudi hewani, akiwa ameudhika. Alisema kwamba kama angetaka kumkomoa yule mzee asingehangaika na sponji. Angempunguzia saruji tu na kumwachia Mungu.

"Huyo tumwache," alisema Inspekta.

Koplo alifuta mstari kwenye daftari lake kwa huzuni ya mtu anayefuta jina la mchumba.

*

Katika nyumba ya marehemu alama ya maji ilizunguka kuta zote, mstari wa rangi ya chai, juu ya kiuno cha mtu mzima. Mwalimu aliwapokea akiwa na ufagio. Mchana, bila hasira ya kumshika mkono, alionekana mdogo zaidi.

"Mmemkamata?"

"Bado. Nionyeshe chumba."

Kilikuwa chumba cha mbele, karibu na mlango. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kikasimamishwa ukutani kikauke, na godoro lake pembeni. Inspekta aliliendea. Upande mmoja lilikuwa bapa kama magodoro mengine. Upande wa pili lilijaa vinundu na mashimo, safu kwa safu, kama trei ya mayai.

"La hospitali hili?"

"La wagonjwa wasiogeuka. Ili mgongo usitoke vidonda. La kwanza lilibonyea, tukanunua hili mwezi huu."

"La kwanza liko wapi?"

"Kaka alilitoa. Alilitupa, nafikiri." Mwalimu aliegemeza ufagio. "Kwa nini unauliza habari za magodoro?"

Inspekta alipitisha kiganja juu ya vinundu. Lile bunda lililolala sasa ndani ya buti la gari la polisi, alipolichana turubai kwa kisu, lilikuwa limemwonyesha vinundu hivyo hivyo.

"Nieleze maisha yenu yalivyokuwa na mgonjwa."

"Maisha gani, Inspekta? Mama alikuwa anasafishwa damu, figo zilishakataa. Mara tatu kwa wiki hospitali. Gari la kaka linalala barabarani kwa sababu sisi hatuna kivuko, tuna ubao wa kupita miguu tu. Kwa hiyo kaka anambeba mama mgongoni, anavuka ubao, anamweka kwenye gari. Kurudi vile vile. Mwaka jana ubao uliteleza, wakaanguka wote wawili, mama akavunjika mkono. Tangu siku hiyo mama alikuwa akikaribia ubao anafumba macho na kuimba." Akapumua. "Mimi nilikuwa mbali, kwenye usimamizi wa mitihani, mvua ilipokuja. Kaka alikuwa peke yake. Mikono yake yote imechubuka, nyama nje, kwa kujaribu kuzibua ule uchafu. Na yule mzee anakaa na saa zake!"

"Hamkuomba kivuko chenu?"

"Kaka aliomba. Alisema mambo yanakwenda. Kila nikimuuliza, yanakwenda."

"Na gari lake lina turubai la kulifunika?"

Mwalimu alitazama nje dirishani, pale gari dogo la kaka yake lilipoegeshwa kando ya barabara, bodi yake wazi, imejaa matone makavu ya matope.

"Lilikuwa nalo," alisema. "La kijivu." Aliuchukua ufagio wake, akaendelea kufagia mahali ambapo palikuwa pameshafagiwa.

*

Ofisi ya vibali ilikuwa na feni iliyozungusha joto na benchi moja lenye watu waliokata tamaa. Injinia alimpitisha Inspekta nyuma ya kaunta, akampa kiti chenye miguu mitatu na nusu.

"Huyo kaka yake mwalimu namkumbuka sana," alisema. "Mtunza stoo wa kiwanda cha rangi. Alikuwa anakuja akiwa na sare ya kazi, anasubiri bila kugomba. Watu wasiogomba ndio wanaoniumiza roho."

"Kwa nini mlimnyima?"

"Kanuni." Injinia alivuta kipande cha karatasi akachora kwa kidole badala ya kalamu. "Hapa kivuko cha mzee. Huku juu kuna nguzo ya umeme. Kati ya vivuko viwili lazima pabaki nafasi, la sivyo mtaro wote unakuwa umefunikwa, usafishwe vipi? Na kutoka kwenye nguzo pia lazima pabaki nafasi. Ukitoa hiki na ukitoa hiki, kwake panabaki upenyo wa baiskeli. Mzee aliwahi, basi. Angewahi yeye, mzee ndiye angekosa."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia. Akauliza nguzo inaweza kuhamishwa? Nikamwambia hilo ni shirika la umeme, anza leo, wajukuu zako watamalizia." Injinia hakucheka mzaha wake. "Halafu akaniuliza jambo. Akasema, 'Injinia, kivuko kikishapata kibali, kinaweza kubomolewa?' Nikasema kinaweza, kama kimejengwa kinyume na mchoro. Au kama kinazuia maji. Maji yakipanda barabarani na wananchi wakalalamika, tunakuja na nyundo siku hiyo hiyo."

Feni ilikwaruza. Mtu kwenye benchi aliita namba yake kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa amemwita.

"Hivyo ndivyo nilivyomwambia," alirudia Injinia. "Nilikuwa namweleza sheria tu. Si ndiyo kazi yangu?"

"Ndiyo kazi yako."

"Lile bunda. Lingekuwa limewekwa pale kwa mvua ndogo, maji yangejaa mtaroni, yangemwagikia barabarani taratibu, gari zingerusha matope, watu wangepiga simu. Lakini mvua ya juzi..." Alitikisa kichwa. "Na maji yakishalemea nyuma ya kizibo, huvuti tena. Hata mngekuja wanaume kumi. Uzito wote wa mtaro unakisukuma kiingie ndani zaidi."

"Yeye alijua hilo?"

"Mtunza stoo? Angelijuaje?"

Kwenye gari Koplo hakuwasha injini mara moja.

"Afande, wahenga walisema mchimba kisima—"

"Waache wahenga wapumzike, Koplo. Twende."

*

Walimkuta uani nyuma, amechuchumaa kwenye jiwe la kufulia, akiosha kiti cha magurudumu cha mama yake. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, mabega ya kubeba. Viganja vyote viwili vilikuwa vimefungwa bendeji, nayo ilikuwa imelowa. Alisugua tairi moja kwa kitambaa, polepole, akitoa tope kwenye kila waya.

"Kinatakiwa wapi hicho kiti?" aliuliza Inspekta, akivuta ndoo tupu na kuigeuza kiti. Goti lilishukuru.

"Hospitali. Kuna wengine hawana."

"Pole na msiba."

"Tumeshapoa."

Inspekta alilinyoosha goti. Alikuwa amewahi kuwahoji watu kwa kupiga meza, na watu kwa kuwapa sigara. Siku hizi alikuwa amechoka vya kutosha kuuliza tu.

"Ulipoamka, maji yalikuwa yamefika wapi?"

"Sakafuni. Yalikuwa yanaingia kwa chini ya mlango."

"Mama?"

"Aliniita."

"Ulimwendea?"

"Nilimwambia nakuja."

"Ukaenda wapi?"

Kitambaa kilisimama. "Mtaroni."

"Mama yako hawezi kujigeuza, maji yanaingia, anakuita. Wewe unapita mlangoni kwake unakwenda mtaroni. Kwa nini?"

"Nilijua nikilitoa, maji yote yataondoka. Ndani hayafiki hata..."

"Ukilitoa nini?"

Alimtazama. Halafu alitazama kiti. Inspekta aliona jinsi anavyotafuta neno la kujibu, takataka, matawi, uchafu wa mvua, na jinsi kila neno lilivyomfikia mdomoni likarudi.

"Kamba niliiona kiwanjani kwenu," Inspekta alisema, kisha akajirekebisha. Uongo mdogo wa kazi. Hakuwa na nguvu nao. "Hapana. Sikuona kamba kwenu. Lakini nimeona godoro, na nimeona gari halina turubai. Na mzee wa pale aliona mtu akiipata kamba gizani, chini ya maji, bila taa. Hata hivyo sikuja kwa hayo. Nimekuja kwa sababu ya kile kitanzi."

"Kitanzi gani?"

"Ulichofunga mwisho wa kamba. Mtu anayetaka kuua haachi mpini."

Mabega ya yule mtu yalishuka, kama vile mzigo wa miaka umetuliwa chini na mwingine ukapandishwa papo hapo.

"Ilikuwa kwa siku moja tu," alisema. "Nilitaka maji yamwagike barabarani, wapige simu, waje. Wakishaondoa cha mzee, pangepatikana nafasi. Jioni ile ningelitoa. Nililifunga vizuri ili litoke." Sauti ilikuwa ya mtu anayeeleza jinsi sanduku lilivyopangwa stoo. "Nilikuwa naona gari limeingia hapa hapa uani, Afande. Limesimama mlangoni. Mama anatoka chumbani, anaingia kwenye gari, bila kuvuka ubao. Hicho tu."

"Mvua ilipoanza, hukulitoa?"

"Ilianza ndogo. Nikasema vizuri, ndiyo hiyo. Nikalala." Akafunga macho. "Nikalala usingizi mzuri."

Inspekta ndiye aliyehisi kwanza kwamba hawako peke yao. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Haikujulikana amesimama pale tangu lini, lakini uso wake ulitosha kueleza.

Koplo alisogea, tayari kumzuia. Alikuwa amemwona mwanamke huyu kituoni akipasua meza kwa maneno. Lakini Mwalimu alipita mbele yake bila kelele. Alifika kwenye jiwe la kufulia, akamtazama kaka yake kichwani, pale nywele zilipoanza kupungua. Mkono wake ulinyanyuka. Inspekta alidhani atampiga, na aliamua hatamzuia.

Mwalimu alikitoa kitambaa mkononi mwa kaka yake. Akachuchumaa upande wa pili wa kiti, akaendelea na tairi ambalo lilikuwa bado.

"Nenda nao," alisema, macho kwenye waya. "Hiki nitakimaliza mimi."

"Dada—"

"Nenda, Kaka. Nisije nikasema neno ambalo halitarudi."

Alisimama. Inspekta hakumfunga pingu; zisingekaa juu ya bendeji, na hakuwa mtu wa kukimbia. Walitembea wote watatu kupita chumba cha mbele, wakatoka pale palipokuwa na geti, wakavuka ubao mmoja mmoja. Koplo alimfungulia mlango wa nyuma wa gari, akaufunga, akakaa kwenye usukani.

Fundi Saa alikuwa nje, kwenye kivuko chake, mikono nyuma. Vibarua walikuwa wamemwachia rundo la tope kando na yeye alikuwa analisukuma kwa kiatu, bila nia. Alimwona kijana ndani ya gari la polisi. Alimwona Inspekta.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Kwa sababu ya hiki?" Alikigonga kivuko kwa kisigino.

"Alitaka gari lifike mlangoni kwa mama yake. Kanuni haikuruhusu viwe viwili."

Mzee alitazama zege alilolipigania mpaka likakubaliwa, akatazama geti lake, na uani kwake, ambako kigari chake kidogo chakavu kilikaa pembeni kama kiroboto kwenye mkeka. Uwanja wote uliobaki ulikuwa mtupu. Kati ya ua wake na wa jirani palikuwa na ukuta wa matofali, mfupi, na katikati yake mlango wa mbao ambao mimea ilikuwa imeutambalia.

"Lakini angepitia kwangu," alisema Fundi Saa. "Mimi nina uwanja wote huu. Angeegesha humu, apite na kiti cha mama kwa ule mlango. Ule mlango hauna kufuli, umeshikwa na majani tu." Sauti ilimpanda, ikakatika. "Angebisha hodi, Afande. Angebisha hodi tu. Nilikuwa nikimsalimia kila asubuhi!"

Inspekta aliuangalia ule mlango kwa kitambo. Halafu akamshika mzee bega, akarudi kwenye gari akakaa mbele na kufunga mlango.

Kaka yake Mwalimu aliinama kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa amewaona wakizungumza kupitia kioo. Alikuwa amemwona mzee akinyoosha mkono kuelekea uani.

"Amesema nini?" aliuliza. "Yule mzee. Amesema nini?"

Siku moja mahakamani mtu atamwambia. Wakili, au shahidi, au mzee mwenyewe akiwa kizimbani. Inspekta alivuta mkanda wa kiti, akaufunga, akatazama barabara iliyokuwa inakauka.

"Amesema pole," alijibu. "Koplo, tuondoke."